Njia Iliyofunikwa na Maji

Wengi wetu, utajwapo utamaduni wa taifa, mawazo hutukimbilia kwenye ngoma, mavazi, vinyago na hadithi za wazee. Hayo yote ni utamaduni kweli, wala hatukusudii kuyapunguzia heshima. Lakini yako mambo mengine ambayo hayawekwi katika nyumba za makumbusho, nayo huonyesha tabia ya watu waziwazi zaidi kuliko kinyago: namna wanavyopishana penye njia nyembamba, namna wanavyogawana kivuli, na namna wanavyovuka maji. Katika insha hii twataka kulichungua hili la mwisho. Swali letu ni hili: mtu arudiye kwake wakati wa gharika, mwenye dharura ya kweli, ana haki gani juu ya njia na juu ya watu wakaao kando ya njia hiyo, nao wana haki gani juu yake?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitupata tukiwa juu ya pikipiki, jioni moja ya masika ya mwaka 2018, tulipokuwa tukitoka kazini katikati ya jiji la Dar es Salaam kwenda nyumbani Tandale. Pikipiki yenyewe tulikuwa tumeinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na deni lake lilikuwa halijafika nusu. Twalitaja hili mapema kwa sababu baadaye litakuwa na uzito katika hukumu.

Katika pwani yetu mvua haziji ovyo. Upepo wa kaskazi uishapo nguvu, na kusi ikaanza kushika, baina yao huingia masika, kuanzia Machi hata Mei. Na Aprili ndio mwezi unaonyesha kuliko yote mjini Dar es Salaam. Pepo hizohizo ndizo zilizowaleta mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi na kuwarudisha makwao kwa karne nyingi. Mkulima aliyekwisha kulima huitazama mbingu ya Machi kama mtu amngojaye mgeni mwema, na mgeni afikaye pamoja na mvua huambiwa kwamba amekuja na baraka. Mjini mvua ni ileile, upepo ni uleule. Ila mtu wa mjini, asikiapo tone la kwanza juu ya bati, hafikirii shamba. Hufikiria mtaro ulio nyuma ya nyumba, na njia atakayopita kurudi.

Hapana budi kueleza kidogo hali ya mahali penyewe kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka na kulipasua jiji katikati, hata ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Barabara ya Morogoro hukutana nao Jangwani, baina ya Faya na Magomeni. Ni ajabu ya lugha kwamba mahali paitwapo jangwa ndipo panapojaa maji kabla ya pengine pote. Bonde ni kitanda cha mto, na mto haukumwomba mtu yeyote aje alale nao kitanda kimoja. Lakini watu ni wengi na viwanja vya juu ni ghali. Hesabu ya mwaka 2012 ilipata watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilipata 5,383,728. Katika mafuriko ya Desemba 2011 walikufa watu zaidi ya 40, na jamaa nyingi za bondeni zikapewa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Mwisho wa mwaka 2015 na mwanzo wa 2016 nyumba za bondeni zilitiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na nyingi zikabomolewa. Wako waliohama, wako waliohama wakarudi, kwa maana kibarua kilikuwa Kariakoo, na kutoka Mabwepande hadi Kariakoo nauli ilikuwa ikila ujira. Mtu asiyewahi kupiga hesabu hiyo asiharakishe kuwaita wakaidi. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwezi wa Mei 2016, ilijengwa humo bondeni, na maji yameivamia zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde hilo. Basi tatizo halikufichika. Lakini jioni tunayoisimulia, njia ilikuwa imefichika kabisa.

Tulipofika Jangwani hatukuona barabara. Tuliona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakienda kwa kasi kuelekea baharini, na juu yake chupa, magogo, ndala moja moja, na takataka nyingine ambazo adabu haituruhusu kuzitaja. Magari yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Vijana wapatao ishirini walikuwa wakifanya kazi ya kuvusha: mtu mzima alibebwa mgongoni kwa shilingi mia tano, na pikipiki ilipandishwa juu ya mkokoteni na kusukumwa na watu wanne. Waliotutangulia walilipa shilingi elfu moja kwa pikipiki. Sisi tulipofika, bei ilikuwa elfu tatu.

Tulikasirika. Tulimwuliza kijana aliyeonekana kuwa mkubwa wao, tena kwa sauti ya darasani, kwa nini anaifanyia biashara taabu ya wenzake.

“Shikamoo, mwalimu,” akajibu, kwa maana alikwisha kututambua kwa mfuko wa madaftari. “Maji yamepanda, na mimi nimepanda.”

Wenzake wakacheka. Tulipokuwa bado tunapatana, akafika bibi mmoja mwenye sinia la samaki wa kukaanga alilolifunika kwa nailoni. Kijana yuleyule aliacha mazungumzo yetu, akainama mbele yake, akasema, “Bibi, panda.” Sinia akampa mwenziwe. Akamvusha hata ng’ambo, akarudi, mikono mitupu, akaendelea na bei yetu palepale alipoiachia: elfu tatu. Tukalipa. Tulivuka tukiwa na hasira, na hasira hiyo hatukuweza kuieleza vizuri. Maana kama angekuwa mnyang’anyi tu, tungalijua la kumwambia.

Hebu tumtazame kijana huyu kwa makini, kwa kuwa hukumu ya haraka juu yake ndiyo tuliyoitoa sisi, na haikutosha. Aliuza nini? Kama aliuza miguu yake, basi alikuwa na haki ya kuiuza kwa bei yake. Maji yale hayakuwa maji ya mvua matupu. Nyumba nyingi za jiji hutumia vyoo vya shimo, na wako wenye nyumba ambao, mvua kubwa inyeshapo, huvitapisha vyoo hivyo ili mafuriko yawachukulie uchafu bure. Anayesimama humo saa tano mfululizo hujiweka karibu na kipindupindu, homa ya mgunda na vipande vya vioo. Maji yakifika kiunoni hatari huwa kubwa kuliko yalipokuwa magotini. Basi ni haki ujira upande pamoja nayo. Jibu lake la mzaha lilikuwa na hoja ndani yake, nasi tulilisikia kama ujuvi.

Lakini yawezekana pia kwamba aliuza kitu kingine: aliuza kukwama kwetu. Bei ya namna hiyo haipandi kwa sababu kazi imekuwa ngumu. Hupanda kwa sababu mnunuzi hana njia nyingine. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alifundisha kwamba kitu ama kina bei ama kina utu. Chenye bei chaweza kubadilishwa kwa kingine, chenye utu hakina badala. Tukiifuata fikira hiyo twaweza kusema: kazi ya kuvusha ina bei, lakini mtu anayevushwa hana. Muuzaji anapoanza kuitazama hofu iliyo machoni pa mtu ili ajue ataje kiasi gani, hapo amekwisha kumtia mtu mwenyewe mizanini. Je, kijana wetu alifanya hivyo? Tukimpima kwa yule bibi, la. Aliuona unyonge, naye hakuupandishia bei. Aliufutia bei kabisa. Alichokipandishia bei ni pikipiki, yaani chombo cha mtu ambaye, machoni pake, alikuwa nacho. Kwa lugha nyingine, alitutoza kodi, na kwa kodi hiyo akamvusha bibi. Hatukupenda kutozwa kodi na kijana mwenye kaptula iliyolowa, na huenda ndiyo iliyokuwa asili ya hasira yetu.

Hatusemi kwamba kila aliyekuwa pale alikuwa hivyo. Mbele kidogo tulimwona mwingine aliyemfikisha abiria wake katikati ya maji, kisha akasimama na kudai nyongeza. Huyo hana mtetezi. Mtu aliye mgongoni mwa mwenziwe, maji yakipita chini yake, hawezi kupatana bei. Na patano ambalo upande mmoja hauwezi kulikataa si patano. Wazee wetu walisema usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Mithali hiyo humfunza anayevuka adabu ya kujihadhari. Lakini haimpi mamba ruhusa ya kula.

Hadi hapa tumekuwa tukiwahukumu wengine, kazi ambayo kalamu huipenda. Sasa tugeuze.

Kutoka Magomeni hadi Manzese barabara ilikuwa imeinuka, tukapita bila shida kubwa. Tulipokata kulia kuingia Tandale, tulikuta mitaa imegeuka mifereji, maana Mto Ng’ombe nao ulikuwa umetoka katika njia yake. Maji yalifika juu kidogo ya kitovu cha gurudumu. Kila aliyewahi kuendesha pikipiki ndani ya maji ajua kanuni yake: weka gia ya kwanza, shikilia mafuta bila kulegeza, na usisimame. Moshi utokao kwa nguvu ndio unaoyazuia maji yasiingie kwenye bomba lake. Ukiachia mafuta, nguvu hupungua, maji huingia, na injini hukata pumzi. Yakipanda zaidi, hata yakafika kwenye chujio la hewa, injini huyanywa. Na kwa kuwa maji hayakubali kushindiliwa kama hewa, pistoni hugonga kitu kisichotaka kurudi nyuma, na chuma kinachoishika huweza kupinda. Gharama yake kwa mwalimu si ndogo. Tulikumbuka deni. Tukashikilia mafuta.

Pikipiki iendayo hivyo huisukuma mbele yake na kando yake mikunjo miwili ya maji. Mtaa ule ni mwembamba, na vyumba vya upande wa kushoto viko chini ya njia, kama ilivyo pengi ambapo njia imejazwa kifusi mwaka baada ya mwaka na nyumba zimebaki palepale. Katika mlango mmoja mwanamke alikuwa ameweka viroba vya mchanga juu ya kizingiti, naye alikuwa amechuchumaa nyuma yake akichota maji kwa beseni na kuyarudisha nje. Nyuma yake, kwa mwanga wa taa ya chemli, tuliona kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali, na watoto wawili wamekaa juu yake pamoja na sufuria, godoro lililokunjwa na mfuko wa unga.

Alitunyoshea mkono. “Taratibu, baba! Taratibu!”

Tulimsikia. Hatukupunguza. Wimbi letu likafika kwenye viroba, likavipanda, na kiroba cha juu kikaanguka ndani. Hatukugeuka nyuma kuona mengine, kwa kuwa mwendesha pikipiki katika maji hatazami nyuma. Na twakiri kwamba siku ile tuliishukuru kanuni hiyo.

Je, tulitenda kosa? Moyo una mawakili wengi saa kama hiyo. Wa kwanza alituambia: mvua ndiyo iliyomwingilia, si wewe. Hoja hii yaanguka mara moja. Mvua iliyaleta maji hadi kwenye kizingiti, na kwa kizingiti hicho mama yule alikuwa akishindana nayo bila kushindwa. Kilichopita juu ya viroba ni wimbi letu. Wa pili akasema: wote wapitao hufanya hivyo, na lori hufanya zaidi. Ni kweli, na hilo ndilo jambo la kutisha katika maisha ya mjini: madhara hugawanywa vipande vidogo vidogo hata kila mmoja akaona kipande chake hakistahili jina la dhambi. Mtu mmoja hutupa mfuko mmoja mtaroni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mtaro ulioziba kabla ya hapo uliziba kwa mfuko mmoja mmoja, na hakuna aliyesimama akasema: wangu ni ule pale. Anayechota maji kwa beseni hapokei vipande. Hupokea jumla.

Wakili wa tatu alikuwa na nguvu zaidi. Alisema: ilikuwa dharura. Ungesimama, injini ingekufa. Ungebaki gizani katika maji machafu, na chombo chenye deni kingeharibika. Mwenye busara yeyote angeendelea. Hoja hii twaikubali nusu. Wanasheria wa Kiislamu, ambao elimu yao ilienea katika miji yetu ya pwani tangu zamani, hufundisha kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Lakini waliweka kanuni nyingine ubavuni mwake, kwamba dharura haifuti haki ya mtu mwingine. Mwenye njaa ya kufa aweza kula chakula kisicho chake, na hataitwa mwizi. Lakini chakula kile atakilipa.

Mbali sana na pwani yetu, watu wasiojuana na wanazuoni hao walifika mahali palepale. Mwezi wa Novemba mwaka 1905, katika mji wa Duluth ulioko Marekani, kando ya Ziwa Superior, meli iitwayo Reynolds ilikuwa gatini ikishusha shehena ilipozuka dhoruba. Nahodha aliona kwamba akiondoka meli itapotea, basi akaifunga gatini kwa nguvu. Kamba zilipokatika akaagiza zifungwe nyingine. Mawimbi yakaigongesha meli kwenye gati, gati likaharibika. Mwenye gati akashtaki. Mwaka 1910 mahakama ya juu ya jimbo la Minnesota ilisema kwamba nahodha alitenda kama mtu mwenye busara na hakuwa na kosa la uzembe; hata hivyo mwenye meli alitakiwa kulipa dola 500, kwa sababu aliiokoa mali yake kwa kuitumia mali ya mwingine. Wanafunzi wanaoanza kusoma sheria hushangaa: yawezekanaje mtu atende sawa, kisha alipe? Lakini msikilizaji wa pwani hapaswi kushangaa. Twamjua mtu huyo. Ndiye yule aliyevunja dirisha la jirani ili apate ndoo ya kuzimia moto. Hatumlaumu, twamsifu, na asubuhi twatazamia kumwona na kioo kipya mkononi.

Basi dharura haikutuondolea deni. Ilituondolea aibu tu, tena si aibu yote. Kwa maana iko tofauti baina ya sisi na yule nahodha. Yeye alitaka kuiokoa meli na watu wake katika tufani. Sisi, tukisema kweli, tungeweza kusimama kwenye kona iliyoinuka, chini ya baraza la duka, na kungoja saa mbili. Wengi walikuwa wamesimama pale. Haraka yetu ilikuwa ya mtu aliyechoka na mwenye njaa ambaye nyumba yake imekaribia. Ni haraka ya kweli, kila msomaji aijua. Lakini haraka na dharura si ndugu wa tumbo moja, ingawa barabarani huvaa nguo zinazofanana.

Hatua kama mia mbili kutoka hapo tuliona tawi la mwembe limesimama wima katikati ya maji, majani yake yakitikisika. Tulilikwepa bila kufikiri, kama dereva yeyote wa nchi hii afanyavyo aonapo majani yamewekwa barabarani. Maji yalipopungua, siku ya pili, tuliona lilikuwa limeshindiliwa kwenye chemba ya maji machafu isiyo na mfuniko. Mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Shimo lilikuwa na upana wa kutosha kulimeza gurudumu la mbele la pikipiki, na kimo chake kilikuwa zaidi ya kimo cha mtu.

Aliyelitia tawi lile hatumjui. Tuliwauliza majirani, kila mmoja akasema alilikuta. Mtu huyo alitoka ndani mvua ikinyesha, akakata tawi la mti wake au wa mwingine, akaingia majini akilitafuta shimo kwa mguu, jambo la hatari, akalitia, akaenda zake. Hakutuona sisi, wala hakujua kama tutapita. Hapana bei iliyotajwa, wala nafasi ya kushukuru. Wazee husema tenda wema nenda zako, nasi tumeirudia mithali hiyo darasani mara nyingi kana kwamba ni nasaha ya kumliwaza mtu asiyeshukuriwa. Mbele ya shimo lile tuliisikia kwa namna nyingine. Uko wema ambao haungeweza kutendeka kama mtendaji angengoja amjue anayemtendea. Anayevusha kwa mkokoteni humchagua mtu wake. Humwona bibi akamhurumia, humwona mwalimu akamtoza. Anayetia tawi shimoni hachagui. Hata mwizi wa mfuniko, akipita usiku ule, angeokolewa na tawi lile.

Wote wawili, mwizi na mtia tawi, ni watu wa mtaa wetu, na wote wawili hawaonekani. Twalisema hili kwa wale wapendao kuandika kwamba utu wa Mwafrika umo damuni mwake. Laiti ingekuwa hivyo, tusingekuwa na haja ya mifuniko.

Wiki ile tuliwapelekea wanafunzi wa kidato cha tatu habari hii yote iwe mada ya mjadala, ila tulieleza habari ya mawimbi kana kwamba imetendwa na mtu mwingine. Darasa liligawanyika. Wavulana wengi walimtetea mwendesha pikipiki. Mmoja, ambaye kaka yake ni bodaboda, alieleza habari ya bomba la moshi vizuri kuliko sisi. Juu ya vijana wa Jangwani wote walikuwa upande wao, hata waliotoka nyumba zenye magari. Walisema serikali ikijenga daraja refu, biashara hiyo itakwisha yenyewe, na kabla ya hapo mtu asiwalaumu. Mjadala ulipokuwa ukifungwa, msichana mmoja wa mstari wa nyuma, asiyezoea kusema, aliomba nafasi.

“Mwalimu,” akauliza, “huyo mtu wa pikipiki alirudi kwa yule mama?”

Tulimjibu kwamba hadithi haisemi. Akakaa, ila hakuonekana kuridhika, na wenzake wawili watatu wakatutazama kwa namna ambayo mwalimu wa miaka mingi huitambua.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa miguu. Tulichukua kilo tano za unga na shilingi elfu kumi ndani ya bahasha, baada ya kubishana na nafsi zetu usiku kucha kama ni fidia au ni sadaka, maana ya kwanza hulipwa kwa kichwa kilichoinama, na ya pili huelekea kukiinua. Mtaa ulikuwa umekauka. Ukutani mwa vyumba vile mstari wa tope ulionyesha maji yalipofika, karibu na kiwiko cha mtu aliyesimama. Mlango wa yule mama ulikuwa na kufuli. Viroba vya mchanga vilikuwa vimepangwa kando, vitupu, mchanga wake umemwagwa mlangoni kujazia shimo.

Jirani aliyekuwa akianika godoro alituambia kwamba amehama tangu Jumatatu na watoto. Mwenye nyumba amemrudishia kodi ya mwezi mmoja, naye amekwenda kwa dada yake, upande wa Mbagala au Chamazi, hana hakika. Akatuuliza kama sisi ni jamaa zake.

Tukasema hapana, tulipita tu hapa siku ya mvua.

“Wengi walipita,” akasema, akaligeuza godoro upande wa pili.